Jinsi ya kuandaa rekodi ya uchaguzi ya mwanasiasa wa mkoa nchini Kanada

Usiku wa 14 Mei 2013 chama cha BC Liberal kilishinda uchaguzi mkuu wa mkoa wa British Columbia kwa viti 49 kati ya 85. Kiongozi wake, Christy Clark, alipoteza kiti chake mwenyewe cha Vancouver-Point Grey katika uchaguzi huohuo. Akabaki Waziri Mkuu wa mkoa bila kiti bungeni, na wiki nane baadaye akaingia kwa uchaguzi mdogo, katika jimbo lililo mbali na jiji la Vancouver.

Sasa andika rekodi yake. Ukisema "2013: alishinda" umekosea, na ukisema "2013: alishindwa" umekosea vilevile. Kosa limeanzia pale ulipouchukua mwaka kuwa kipimo. Mstari mmoja wa rekodi ya uchaguzi ni mtu mmoja, kiti kimoja, siku moja. Ukishika hilo, nusu ya makosa yanayosambaa mitandaoni kuhusu wanasiasa wa Kanada hayakupati. Nusu ya pili inatokana na kuweka kando kwa kando namba ambazo hazikuhesabiwa kwa namna moja, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya mwongozo huu. Mfano wetu mkuu ni Clark, kwa kuwa karibu kila mtego umo katika mistari yake sita.

Kubalianeni kwanza juu ya maneno

Kanada ina mikoa 10 na maeneo 3 ya kaskazini. Wapo wanaoiita mikoa hiyo "majimbo", na ukiandika hivyo msomaji wa Tanzania atadhani unazungumzia jimbo la mbunge. Hapa mkoa ni British Columbia, Ontario, Quebec na wenzao. Jimbo ni lile la uchaguzi, ambalo Mkenya analiita eneo bunge. Chagua moja na usilibadilishe katikati ya ukurasa.

Kila mkoa una bunge lake na Waziri Mkuu wake, mbali na lile bunge la taifa la Ottawa. Mbunge wa mkoa huandikwa MLA katika mikoa mingi, MPP huko Ontario, MNA Quebec, na MHA Newfoundland na Labrador. MP ni wa Ottawa peke yake. Ukikuta habari inasema mtu alikuwa MP, usimwingize kwenye jedwali la mkoa kabla hujahakikisha.

Uchaguzi wa mkoa unaendeshwa na tume ya mkoa husika: Elections BC, Elections Ontario, Élections Québec na kadhalika. Elections Canada inasimamia uchaguzi wa taifa tu. Wengi huenda kutafuta matokeo ya mbunge wa mkoa kwenye tovuti ya Elections Canada, wakiyakosa wanadhani yamefutwa. Hayajafutwa. Hayakuwahi kuwa huko.

Fungua lahajedwali, upange safu

Safu zinazohitajika ni hizi, kwa mpangilio huu: tarehe kamili, ngazi (mkoa, taifa au mji), aina (uchaguzi mkuu au mdogo), jina la jimbo kama lilivyoandikwa siku ile, mipaka ya mwaka gani, chama kama kilivyoitwa kwenye karatasi ya kura, kura za mgombea, kura zote halali, kura zilizokataliwa, wapiga kura walioandikishwa, aina ya hesabu (ya awali, ya mwisho, au baada ya kuhesabu upya mbele ya jaji), na tanbihi.

Asilimia usiziandike kwa mkono. Ziache fomula izikokotoe kutoka kwenye kura, ili ukisahihisha kura, asilimia ijisahihishe. Asilimia iliyochapwa kwa mkono ndiyo hubaki na namba ya zamani miaka na miaka baada ya kura zenyewe kurekebishwa.

Kisha weka mifupa kabla ya nyama. Orodhesha tarehe zote za uchaguzi mkuu wa mkoa huo ndani ya maisha ya kisiasa ya mtu wako, hata zile ambazo hakugombea. Kwa Clark tarehe hizo ni 28 Mei 1996, 16 Mei 2001, 17 Mei 2005, 12 Mei 2009, 14 Mei 2013 na 9 Mei 2017. Pembeni ya kila tarehe andika: aligombea, hakugombea, au sijathibitisha. Mapengo yana habari yake. Clark hakugombea 2005 wala 2009. Alikuwa ameacha siasa za bunge akarudi 2011 kama kiongozi wa chama. Asiyeweka mifupa atayaona mapengo hayo kama data iliyopotea na kuanza kuyajaza kwa kubahatisha.

Ukishamaliza uchaguzi mkuu, ongeza uchaguzi mdogo. Huu ndio unaosahaulika zaidi kwa sababu haumo kwenye ripoti ya uchaguzi mkuu. Una ripoti yake. Njia rahisi ya kuugundua ni kuangalia tarehe ya mtu kuingia bungeni. Ikiwa hailingani na uchaguzi mkuu wowote, kuna uchaguzi mdogo umeuruka.

Jedwali la Clark likikamilika linakuwa hivi:

28 Mei 1996, uchaguzi mkuu, Port Moody-Burnaby Mountain: alishinda.
16 Mei 2001, uchaguzi mkuu, Port Moody-Westwood: alishinda.
11 Mei 2011, uchaguzi mdogo, Vancouver-Point Grey: alishinda kwa tofauti ya kura 564.
14 Mei 2013, uchaguzi mkuu, Vancouver-Point Grey: alishindwa kwa tofauti ya kura 1,063.
10 Julai 2013, uchaguzi mdogo, Westside-Kelowna: alishinda kwa zaidi ya asilimia 60.
9 Mei 2017, uchaguzi mkuu, Kelowna West: alishinda.

Mara sita amesimama, mara tano ameshinda, moja ameshindwa, na majina ya majimbo ni matano. Aliyemshinda 2013 ni David Eby wa NDP (New Democratic Party, chama kikuu cha upinzani wakati huo), yuleyule ambaye Clark alikuwa amemshinda 2011, na ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu wa mkoa. Usiishie kwa mtu wako. Angalia mpinzani wake ni nani katika kila mstari, maana marudio ya namna hii yana uzito kuliko asilimia.

Kura za usiku si kura za mwisho

Hapa ndipo namba nyingi huharibika. Chukua huohuo mstari wa 2013. Usiku wa uchaguzi vyombo vya habari viliripoti kwamba Eby alimshinda Clark kwa kura 785. Hesabu ya mwisho ikatoa kura 11,499 za Eby na 10,436 za Clark, yaani tofauti ya 1,063. Tofauti iliongezeka kwa kura 278 na hakuna aliyeiba wala aliyekosea. Chini ya utaratibu wa British Columbia wa wakati ule, kura za watu waliopigia nje ya jimbo lao na kura nyingine za aina maalumu zilisubiri hesabu ya mwisho, ambayo haikuanza kabla ya siku ya 13 baada ya uchaguzi. Magazeti ya asubuhi yalikuwa yameshachapwa, na 785 ikabaki humo.

Kwa hiyo ukikuta vyanzo viwili vinatofautiana kwa mamia ya kura, usitafute wastani na usichague kilicho maarufu zaidi. Angalia tarehe ya kila kimoja. Cha ndani ya siku mbili tatu baada ya uchaguzi ni cha awali. Namba ya kuweka kwenye rekodi ni ile ya ripoti rasmi ya tume.

Tofauti hizi huweza kuwa kubwa kuliko ushindi wenyewe. Katika Courtenay-Comox mwaka 2017, mgombea wa NDP aliongoza kwa kura 9 usiku wa uchaguzi. Hesabu ya mwisho ikampa ushindi wa kura 189. Kiti hicho si cha mchezo, maana mgombea wa BC Liberal angekipata, chama kingefikisha viti 44 kati ya 87 na kuwa na wingi wake.

Baada ya hesabu ya mwisho kunaweza kuwa na hatua moja zaidi, kuhesabu upya mbele ya jaji. Katika British Columbia tofauti ikiwa ndogo kuliko moja ya mia tano ya kura zilizoshughulikiwa, hatua hii hufanyika. Kwa jimbo lenye kura 20,000 hiyo ni tofauti iliyo chini ya 40. Surrey-Guildford mwaka 2024 ni mfano mzuri: NDP ilikuwa mbele kwa kura 27 baada ya hesabu ya mwisho, jaji akathibitisha 22. Viti vya mkoa mzima vilikuwa 47 vya NDP, 44 vya Conservative na 2 vya Green, jumla 93, ambapo wingi ni 47. Kura 22 ndizo zilizobeba serikali. Ukiacha 27 kwenye jedwali lako hutabadilisha mshindi, lakini msomaji makini atajua hukufika mwisho wa karatasi.

Asilimia: gawanya kwa namba sahihi

Asilimia ya mgombea ni kura zake kugawanywa kwa kura zote halali za jimbo, mara 100. Kura zilizokataliwa hazimo kwenye mgao huu. Zinaingia kwenye hesabu ya waliojitokeza: kura halali jumlisha zilizokataliwa, gawanya kwa walioandikishwa. Ukichanganya hizo mbili, jumla ya asilimia za wagombea haitafika 100, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuitazama.

Kosa la kawaida ni kugawanya kwa wagombea wawili wa juu tu. Chukua namba za 2013: 11,499 jumlisha 10,436 ni 21,935. Tofauti ya 1,063 ni asilimia 4.85 ya hizo. Lakini kulikuwa na wagombea wengine jimboni, kura halali zilikuwa nyingi kuliko 21,935, na asilimia halisi ya tofauti iko chini ya hapo. Ukiona mtu ameandika karibu asilimia 5, ameshawafuta wagombea wadogo bila kuwaaga.

Safu ya kupanda na kushuka, ile yenye alama za kujumlisha na kutoa, inahitaji maamuzi mawili yaandikwe wazi kwenye tanbihi.

Uamuzi wa kwanza: unalinganisha mtu au chama? Desturi ni chama. Mstari wa Clark wa 2013 unalinganishwa na mgombea wa BC Liberal wa uchaguzi uliopita katika jimbo lilelile. Katika uchaguzi mkuu wa 2009 huyo alikuwa Gordon Campbell, Waziri Mkuu aliyemtangulia. Msomaji asiyejua hilo ataona alama ya kutoa na kudhani Clark alishuka kutoka kwenye kura zake mwenyewe.

Uamuzi wa pili: uchaguzi uliopita ni upi, mkuu wa 2009 au mdogo wa 2011? Ushauri wetu ni mkuu kwa mkuu. Katika uchaguzi mdogo watu wachache hujitokeza, serikali yenyewe haiko hatarini, na chama huweza kumwaga nguvu zote kwenye jimbo moja. Kuulinganisha na uchaguzi mkuu ni kupima maji ya kisima kwa kipimo cha mto. Mstari wa uchaguzi mdogo uweke mahali pake kwa tarehe, ila safu ya kupanda na kushuka iruke juu yake.

Na tofauti kati ya asilimia mbili itaje kwa pointi. Chama kikitoka asilimia 50 kwenda 45 kimeshuka pointi 5. Kusema "kimeshuka asilimia 5" ni kusema jambo jingine.

Mipaka hubadilika chini ya jina lilelile

Kila baada ya miaka kadhaa tume ya mipaka huchora majimbo upya. British Columbia ilikuwa na viti 75 mwaka 1996, 79 mwaka 2001, 85 mwaka 2009, 87 mwaka 2017 na 93 mwaka 2024. Kila namba ikibadilika, ramani nzima imeguswa, hata kwa majimbo yaliyobaki na jina lake.

Ndiyo maana safu ya "mipaka ya mwaka gani" haiwezi kukosekana. Clark alikwenda Port Moody-Westwood 2001 kwa sababu ramani ilikuwa mpya. Jina la Port Moody-Burnaby Mountain lilikuwa limeondoka. Vivyo hivyo Westside-Kelowna ya 2013 ndiyo iliyozaa Kelowna West ya 2017. Mbunge hakuhama, ni ramani iliyohama. Mwandishi anayesema Clark "alihamia jimbo jingine mara nne" amehesabu majina. Kuhama kwa kweli kulikuwa mara mbili: kutoka eneo la Port Moody kwenda Vancouver, na kutoka Vancouver kwenda Kelowna.

Katika uchaguzi wa kwanza baada ya ramani mpya, kura za zamani zinaweza kupangwa upya kwa mipaka mipya, kituo kwa kituo, ili kupata msingi wa kulinganisha. Hayo ni makadirio. Ukiyatumia, yaandike kwa herufi za mlazo au weka alama, na kamwe usiyachanganye na kura zilizopigwa kweli. Ukiwa huna makadirio hayo, acha safu wazi. Safu tupu haimdanganyi mtu.

Kwa mistari ya zamani, British Columbia imerahisisha kazi: kuna chapisho rasmi la matokeo yote ya mkoa kuanzia 1871 hadi 1986, pamoja na nyongeza ya 1987 hadi 2001. Baada ya hapo unategemea ripoti ya kila uchaguzi.

Majina yanayofanana

Ukitafuta "Clark" katika matokeo ya 1996 utampata kwanza Glen Clark wa NDP, aliyeshinda uchaguzi ule na kuendelea kuwa Waziri Mkuu wa mkoa. Si ndugu wa kisiasa wa Christy. Walikaa pande mbili tofauti za bunge. Ukitafuta "Campbell" katika Vancouver-Point Grey utapata wawili: Kim Campbell wa chama cha Social Credit, aliyechaguliwa 1986 na baadaye akawa Waziri Mkuu wa Kanada nzima, na Gordon Campbell wa BC Liberal kuanzia 1996. Huko Ontario, Doug Ford aliyekuwa mbunge wa mkoa kati ya 1995 na 1999 ni baba; Waziri Mkuu Doug Ford, aliyeingia 2018, ni mwana. Faili ikipangwa kwa jina la ukoo pekee, kompyuta itawaunganisha bila kukuuliza.

Majina ya majimbo yana mtego wake, mdogo kwa umbo lakini unaopoteza saa nzima. British Columbia huunganisha kwa kistari kifupi: Vancouver-Point Grey. Majimbo ya taifa huunganishwa kwa kistari kirefu, na kurasa nyingine hutumia cha kati. Kwa jicho vinafanana. Kwa kompyuta ni herufi tatu tofauti, na fomula ya kutafuta itakurudishia sifuri. Kabla ya kuunganisha faili mbili, badilisha vistari vyote kuwa aina moja kwenye nakala ya kufanyia kazi, ukiacha maandishi ya asili kwenye safu yake.

Zaidi ya hapo, jimbo la taifa na la mkoa linaweza kuwa na jina moja. Jean Charest alikuwa mbunge wa Sherbrooke huko Ottawa kuanzia 1984 hadi 1998 kwa chama cha Progressive Conservative, kisha mbunge wa Sherbrooke katika bunge la Quebec kuanzia 1998 hadi 2012 kwa chama cha Liberal cha Quebec. Jina moja, mabunge mawili, vyama viwili. Bila safu ya ngazi utadhani alihama chama akiwa amekalia kiti kilekile.

Katika Ontario hali ni hiyohiyo, kwa kuwa tangu 1999 sehemu kubwa ya majimbo ya mkoa ilichorwa kwa kufuata yale ya taifa.

Chama kiandike kama siku ile

BC Liberal hakikuwa tawi la Liberal cha taifa, ingawa jina linapotosha. Kilikuwa na watu wa mrengo wa kulia na wa kati pamoja. Mwaka 2023 kikabadili jina kuwa BC United. Usirudi nyuma kumwandika Clark kuwa wa BC United, kwa maana jina hilo halikuwahi kuwa kando ya jina lake kwenye karatasi ya kura. Rangi za jedwali pia zisikuhadae: nyekundu ya Liberal wa Ottawa haina uhusiano na chama hiki.

Mtu akihama chama katikati ya kipindi, kuhama hakuongezi mstari. W.A.C. Bennett alichaguliwa South Okanagan mwaka 1941 akiwa Conservative, akashindwa uchaguzi mdogo wa taifa katika jimbo la Yale mwaka 1948, akarudi bunge la mkoa 1949, akakiacha chama chake 1951 na kujiunga na Social Credit. Kuondoka huko kunaandikwa kwenye tanbihi. Mstari wa Yale unaingia, lakini chini ya ngazi ya taifa.

Katika Northwest Territories na Nunavut bunge halina vyama. Hapo safu ya chama iandike "hakuna". Usiandike "mgombea binafsi", kwani mgombea binafsi ni yule aliyesimama peke yake mahali ambapo wengine wana vyama.

Kanuni za zamani zinazovunja fomula

Ukienda nyuma ya miaka ya 1990, usiamini kwamba jimbo moja lina mbunge mmoja. Vancouver-Point Grey ilikuwa ikitoa wabunge wawili hadi uchaguzi wa 1986. Kim Campbell alichaguliwa pamoja na Darlene Marzari wa NDP. Mpiga kura mmoja alikuwa na kura mbili. Ukigawanya kura za Campbell kwa idadi ya kura zote, unapata asilimia ndogo inayomfanya aonekane dhaifu kuliko alivyokuwa. Ukijumlisha kura zote na kuziita watu waliojitokeza, utapata wapiga kura karibu mara mbili ya waliokuwepo. Andika kwenye tanbihi "viti viwili" na usiilinganishe asilimia hiyo na ya 1991 na kuendelea. Prince Edward Island ilikuwa na viti vya jozi hadi ilipoanza kutumia majimbo ya mbunge mmoja katika uchaguzi wa 1996.

Mwaka 1952 na 1953 British Columbia ilitumia kura za kupanga wagombea kwa chaguo la kwanza, la pili na kuendelea. Hapo mgombea ana namba mbili halali: ya hesabu ya kwanza na ya hesabu ya mwisho. Mwaka 1952 CCF, chama kilichotangulia NDP, iliongoza kwa kura za chaguo la kwanza, lakini viti vikawa 19 vya Social Credit na 18 vya CCF. Weka safu mbili. Ukiweka moja tu, hakuna atakayeelewa aliyeshinda alishindaje. Edmonton na Calgary nazo zilitumia mfumo wa uwiano wenye wabunge kadhaa kwa jiji kuanzia 1926 hadi 1955, na mistari ya enzi hiyo inahitaji uangalifu uleule.

Aliyepita bila kupingwa hana kura. Seli ya kura iache tupu na uandike "bila kupingwa". Ukiweka 0 utamshusha wastani. Ukiweka 100 utampa umaarufu ambao hakuna aliyeupima.

Yasiyoingia kwenye jedwali kuu

Uchaguzi wa ndani ya chama, ule ambao Mtanzania anauita kura za maoni na Mkenya mchujo, una jedwali lake. Clark alishinda uongozi wa BC Liberal 26 Februari 2011 katika duru ya tatu dhidi ya Kevin Falcon, kwa karibu asilimia 52. Lakini asilimia hiyo si ya wanachama. Chama kilikuwa kimempa kila jimbo pointi 100, majimbo yote 85 yakawa na pointi 8,500, na jimbo lenye wanachama wachache likalingana uzito na lenye maelfu. Andika "pointi" kwenye kichwa cha safu.

Uchaguzi wa mji nao una ngazi yake. Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walitoka Tanzania, alishinda umeya wa Calgary 2010, 2013 na 2017 katika chaguzi zisizo na vyama. Juni 2024 alichaguliwa kiongozi wa NDP ya Alberta kwa asilimia 86, na 23 Juni 2025 akashinda uchaguzi mdogo wa mkoa katika Edmonton-Strathcona, kiti alichokiacha Rachel Notley. Hizo ni ngazi tatu, na ni mstari mmoja tu unaoingia kwenye jedwali la bunge la mkoa hadi hapo. Wanaomwandikia "ushindi mara tano mfululizo" wanajumlisha embe na nazi.

Kwa kiongozi wa chama, tengeneza jedwali dogo la pili la matokeo ya chama chini yake. Kwa Clark lina mistari miwili. 2013: viti 49 kati ya 85. 2017: viti 43 kati ya 87, NDP 41, Green 3. Mwaka huo wa 2017 BC Liberal ilipata kura 796,672 na NDP 795,106, tofauti ya kura 1,566 katika mkoa mzima. Serikali yake ikaanguka bungeni 29 Juni 2017 kwa kura 44 kwa 42: NDP na Green walikuwa 44, na upande wa Clark ulikuwa na mtu mmoja kwenye kiti cha spika. Kura hiyo ni ya bunge. Haimo kwenye rekodi ya uchaguzi hata kama ndiyo iliyomtoa madarakani.

Kagua kabla ya kuchapisha

Jumlisha asilimia za wagombea wote wa kila mstari. Ziwe 100, au 99.9 hadi 100.1 kwa sababu ya kukata desimali. Toa kura za wa pili kutoka kwa za wa kwanza na uone kama tofauti inalingana na uliyoiandika. Linganisha tarehe ya kila uchaguzi mdogo na siku kiti kilipoachwa wazi, na andika aliyekiacha: Westside-Kelowna ilikuwa ya Ben Stewart, aliyejiuzulu 2013 ili kiongozi wake apate pa kuingilia, na Clark alipoondoka 2017, Stewart huyohuyo akashinda uchaguzi mdogo wa Kelowna West 14 Februari 2018. Bila tanbihi hiyo, rekodi ya Stewart itaonekana kama ya mtu aliyeangushwa akarudi, ilhali hakuangushwa na mpiga kura yeyote.

Mwisho, jaribu kuandika jedwali kwa sentensi. Kwa Clark zinatosha hizi: "Aligombea ubunge wa mkoa mara sita kati ya 1996 na 2017, akashinda mara tano. Aliposhindwa, 14 Mei 2013, alishindwa na David Eby kwa kura 1,063 katika Vancouver-Point Grey, siku ambayo chama alichokiongoza kilipata viti 49 kati ya 85." Sentensi ikikataa kukaa sawa, rudi kwenye jedwali, kuna mstari mmoja ambao ndani yake umeweka siku mbili.